Muvi ya The Golden Compass: kilichokatwa sio mwisho tu

Dada mmoja kaniuliza swali, nalifupisha kidogo. Amemaliza kusoma Northern Lights ya Philip Pullman, akaitafuta na muvi yake, The Golden Compass ya 2007, akaitazama na mumewe. Anasema picha kali, dubu wa moto, Nicole Kidman kaua, ila ilipofika mwisho alibaki ameshika rimoti anasubiri iendelee, kumbe ndo imeisha hivyo. Mumewe hajasoma kitabu, yeye kasema mbona muvi iko poa tu. Mdogo wake kadakia kwamba ile muvi iliuliwa na kanisa. Sasa anauliza: kaka, wewe ndo mambo yako haya ya skripti, hebu niambie nani mkweli hapa, ni mimi nimedekezwa na kitabu au kweli kuna kitu kimechomolewa? Na binti yangu wa miaka kumi na moja anaitaka, nimuache aone?

Dada yangu, kimechomolewa. Na sio kimoja. Ntaongea mwisho wa kitabu humu bila kuficha chochote kwa hiyo kama kuna mtu hajasoma na anapanga kusoma aishie hapa hapa, asije kunilaumu.

Tuanze na huo mwisho maana ndo uliokuumiza. Muvi inaishia Lyra, yule binti wa hadithi, rafiki yake Roger, yule dubu Iorek na wenzao wako angani kwenye chombo cha rubani Lee Scoresby wanaelekea kaskazini kwa Lord Asriel, baba yake Lyra, Lyra anaongea maneno ya matumaini kwamba mambo yatakaa sawa, muziki unapanda, majina yanaanza kushuka. Kwenye kitabu bado kuna sura kama tatu hivi baada ya hapo, na hizo sura ndo kitabu chenyewe. Lyra kasafiri dunia nzima akiamini anampelekea Asriel ile alethiomita, kile chombo kama dira kinachosema ukweli, kumbe Asriel hana haja na alethiomita, anachohitaji ni mtoto, mtoto yeyote, amkate na dimoni wake, yaani roho yake inayotembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama, ili ile nguvu inayofyatuka ifungue njia ya kwenda ulimwengu mwingine. Unakumbuka Lyra anapoingia pale ndani kwa mara ya kwanza, Asriel anamuona anaruka kama kaona mzuka, anapiga kelele kwamba sikukuita wewe? Halafu anamuona Roger nyuma yake, anatulia. Ukisoma mara ya kwanza unapita tu, mara ya pili mwili unasisimka. Roger anakufa pale, na aliyempeleka ni Lyra mwenyewe, rafiki yake, kwa mapenzi yote.

Hizo sehemu zilipigwa picha dada. Sio kwamba hawakuwa na hela au muda wa kuzipiga. Waigizaji waliigiza, kuna vipande viliingia hadi kwenye trela na kwenye gemu ya muvi, halafu miezi michache kabla muvi haijatoka ikatangazwa kwamba vinaondolewa vitakuja kuanzia muvi ya pili. Muvi ya pili haikuja. Kwa hiyo wewe ulivyobaki umeshika rimoti hukuwa na kosa lolote, ulikuwa unasubiri kitu ambacho kiko kwenye stoo ya studio mahali fulani.

Ila sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wakishajua habari ya mwisho uliokatwa wanaridhika, wanasema aaa kumbe, wangeacha tu zile dakika za mwisho muvi ingekuwa nzuri. Mi sikubali. Hata wangeziacha zingekaa vibaya, zingekuwa kama zimetoka muvi nyingine, maana tatizo lilishaanza mapema sana, dakika za mwanzo kabisa pale chuoni Jordan.

Rudi kwenye ile sehemu ya sumu. Kwenye kitabu Lyra kajificha kwenye kile chumba cha wazee wa chuo, anachungulia, anamuona mtu anatia unga kwenye mvinyo wa Asriel. Ni nani? Ni Mkuu wa chuo. Yule yule mzee aliyemlea Lyra, mtu mwema, mtu anayempenda yule mtoto, na ndiye baadaye anampa alethiomita kwa siri ili imlinde. Na sura inayofuata unamsikia akiongea na mtunza maktaba, kajaribu kuua kwa sababu anaona kitakachokuja, na anasema Lyra atakuja kumsaliti mtu bila kujua na kwamba itamuumiza vibaya sana. Yaani sura ya pili tu tumeshaambiwa. Pullman kaweka bomu mezani, mia nne kurasa baadaye ndo linalipuka.

Kwenye muvi anayetia sumu ni Fra Pavel, mtu wa Magisterium, lile kanisa linalotawala ulimwengu wa Lyra, kavaa kiadui, anaongea kiadui, ukimuona tu unajua huyu ndo adui. Ni badiliko dogo mno, mtu ambaye hajasoma hawezi kulishtukia, na kiskripti naelewa kabisa kwa nini lilifanyika, unapunguza maelezo, unamtambulisha adui mapema, dairekta anaokoa dakika tano. Lakini angalia limefanya nini. Kitabu kilikuwa kinakuambia mtu mzuri anaweza kutia sumu kwenye glasi ya mwenzake na akawa bado mzuri. Muvi inakuambia sumu wanatia wabaya.

Ukishaliona hilo utaliona kila mahali. Kuna yule mtoto aliyekatwa na dimoni wake, Lyra anamkuta peke yake kwenye kibanda kwenye theluji. Kwenye kitabu ni Tony Makarios, mtoto wa mtaani mwenye mama mlevi, kakumbatia samaki mkavu kifuani kama ndo dimoni wake, na kabla hakujakucha anakufa. Halafu watu wazima kambini, watu wetu wema hao Wagiptiani, wanamuogopa, wanarudi nyuma, na kuna mtu anaona yule samaki hana maana anamtupia mbwa. Lyra anawaka hasira. Aisee mimi ile sehemu ya samaki siwezi kuisoma kwa sauti mbele za watu. Kwenye muvi anayekutwa kibandani ni Billy Costa, ana mama, anarudishwa mikononi mwa mama yake, na yuko hai. Tena kosa lote limebaki kwa waliomkata, wa kambini kwetu hawana hata doa.

Na mwisho wenyewe ni hivyo hivyo. Asriel ambaye tulikuwa tunamshangilia ndo anaua mtoto. Ukiuondoa huo mwisho Asriel anabaki steringi mzuri wa sura ya Daniel Craig, anapambana na Magisterium huko milimani, na Lyra anabaki binti jasiri ambaye hajawahi kumponza mtu. Kwa hiyo walichochomoa ni kitu kimoja kilichogawanywa sehemu nyingi: kila ubaya uliokuwa umewakalia watu tunaowapenda umebebwa ukaenda kuwekwa upande wa adui. Zile dakika za mwisho zingeingia kwenye muvi ya namna hiyo ungeshangaa, huyu Asriel kageuka lini?

Ndo maana pia walibadilisha mpangilio. Kitabuni Lyra anapita Bolvangar kwanza, pale wanapokatia watoto, kunakuwa na vita, wanatoroka, halafu ndo anaangukia Svalbard kwa madubu, halafu Asriel. Muvi imeipeleka ngumi ya madubu mbele, Bolvangar ikawa mwisho, ili muvi imalizikie kwenye vita kubwa wachawi wanashuka angani watoto wanaokolewa watu wanapiga makofi. Kama umeshaamua muvi yako inaishia na ushindi huo mpangilio una akili kabisa. Shida ni kwamba hiki kitabu hakiishii na ushindi.

Halafu lile simulizi la mwanzo, mama yangu! Muvi haijaanza vizuri sauti ya Serafina Pekkala inakuambia kuna malimwengu mengi, kuna Vumbi, kwetu roho zinatembea nje ya mwili zinaitwa dimoni, yaani yote dakika ya kwanza, kama yule mtafsiri wa kibanda umiza anayekuambia huyu jamaa mwenye kofia atakufa wakati hata gari halijasimama. Pullman yeye anaanza na Lyra na dimoni wake wananyata kwenye ukumbi wenye giza, haelezi chochote, unajishikiza mwenyewe. Huwezi kuogopa mtu kukatwa na dimoni wake kama dimoni umeelezwa tu. Inabidi ukae naye kwanza, umzoee, umuone Pantalaimon anabadilika kuwa nondo, kuwa kicheche, usahau kwamba ni kitu cha ajabu.

Sasa haya ya kanisa. Mdogo wako ana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe kaishika upande wa nyuma.

Ni kweli kulikuwa na kelele. Kule Marekani chama cha Catholic League chini ya Bill Donohue kiliitisha watu waisusie, na hoja yao ilikuwa ya ajabu kidogo, hawakusema muvi yenyewe ni mbaya sana, walisema imelainishwa ili watoto waipende halafu wazazi wawanunulie vitabu, na vitabu ndo vyenye sumu. Lakini hata ndani ya kanisa hawakuwa kitu kimoja. Ofisi ya filamu ya maaskofu Wakatoliki wa Marekani ilitoa uhakiki wa kuisifia, baadaye ukaondolewa kimya kimya. Na Uingereza, Rowan Williams akiwa Askofu Mkuu wa Canterbury alishasema mapema tu, 2004, kwamba kazi za Pullman zifundishwe kwenye vipindi vya dini, maana dini inayokosolewa mle ni ile iliyogeuka kuwa rungu. Kwa hiyo ukisema kanisa, lipi?

La muhimu ni mfuatano wa mambo. Kulainisha hakukusababishwa na ule mgomo, mgomo ulikuja muvi imeshapikwa. Chris Weitz aliyeandika na kudairekti alisema wazi miaka kabla kwamba mambo ya dini yatapunguzwa makali. Tena huyo Weitz historia yake na hii kazi ni ya kusikitisha, aliipata, akaiacha mwishoni mwa 2004 akisema ukubwa wake kiufundi unamzidi, akaletwa Anand Tucker, Tucker naye akaondoka 2006 kwa kutoelewana, Weitz akarudi. Kabla yao Tom Stoppard, mwandishi mkubwa kabisa wa tamthilia, alishaandika skripti, ikawekwa pembeni. Baadaye Weitz kalalamika kwenye mahojiano kwamba muvi ilitoka mikononi mwake, studio ikaihariri inavyotaka. Namuamini. Hata bila yeye kusema, muvi yenyewe inaonyesha, sehemu zinakatwa katikati ya pumzi, watu wanafika mahali hujaona walivyoondoka.

Studio ilikuwa New Line, wale wale wa Lord of the Rings. Fikiria wametoka kuvuna na Peter Jackson, muvi ya tatu 2003 imebeba Oscar 11, wanatafuta trilojia nyingine. Wakatia karibu dola milioni 180 kwenye hii. Ukiweka hela hiyo unaogopa kila kitu, unaogopa kanisa, unaogopa mtoto kufa mwishoni, unaogopa urefu. The Fellowship of the Ring mwaka 2001 ilikuwa dakika 178. Golden Compass walipewa dakika 113, na kitabu sio chembamba.

Na mapato yake hesabu ni chungu. Marekani iliingiza dola kama milioni 70 tu. Dunia nzima jumla ilifika kama 372, yaani huko nje watu waliiangalia vizuri sana, lakini New Line walishauza haki za nje mapema ili kupata mtaji, kwa hiyo zile hela nyingi hazikuwa zao. Februari 2008 New Line ikamezwa ndani ya Warner Bros., wakuu wake wakaondoka. Kwa hiyo anayesema kanisa liliiua muvi ajibu kwanza hii ya mikataba. Mgomo ulipunguza watu Marekani, sikatai, lakini mimi nikipima naona muvi ya pili ilikufa kwa jinsi dili lilivyosukwa kuliko kwa mahubiri. Na muvi yenyewe ilijeruhiwa na woga wa walioitengeneza, hata kabla hakuna aliyewarushia jiwe.

Hapa kuna watu watasema basi, kitabu siku zote kinashinda muvi. Hapana bwana. Jackson kwenye Lord of the Rings kamkata mhusika Tom Bombadil mzima mzima, kakata sura ya wale Hobbit kurudi nyumbani na kukuta kwao kumeharibiwa, kambadilisha Faramir hadi wasomaji wakakasirika. Lakini pale kwenye mlima wa moto Frodo, aliyeteseka saa tisa za muvi kuipeleka pete ikaharibiwe, anageuka anasema pete ni yangu. Steringi anashindwa hatua ya mwisho kabisa. Studio yoyote ingeweza kusema jamani afanye tu ushujaa aitupe mwenyewe, watu watafurahi zaidi. Hawakuligusa hilo. Ukikata, kata unavyotaka, mimi nakata kila siku ndo kazi yangu, nimeshafuta wahusika watano kwa asubuhi moja na chai nikanywa vizuri, ila kuna mfupa mmoja ukiugusa mnyama hasimami.

Sasa nisije nikaonekana naichukia, siichukii. Kidman kweli kaua, hujakosea. Kitabuni Mrs Coulter ana nywele nyeusi, na Pullman mwenyewe alipomuona Kidman alikubali kwamba alikosea, nywele zilipaswa kuwa za rangi ya dhahabu. Kuna ile sehemu anampiga kibao nyani wake halafu hapo hapo anamkumbatia. Dimoni ndo roho yako, kwa hiyo yule mama kajipiga mwenyewe na kajihurumia mwenyewe ndani ya sekunde chache. Kitabuni haipo! Ni ya muvi, na ni ya Pullman kuliko vitu vingi walivyovitoa kwa Pullman. Dubu nao, taya linavyong'olewa pale Svalbard hawakuona aibu, sauti ya Ian McKellen nzito, na Oscar ya madoido ya picha walipewa hao, wakaipiku Transformers, watu walishangaa mwaka ule. Dakota Blue Richards hakuwa ameigiza kabla na yuko sawa kabisa, ana ule ukorofi wa Lyra, shida hawakumpa nafasi ya kuumia.

Mumeo kwa hiyo ni mkweli kwa muvi aliyoiona. Kaona binti, dubu, mama mbaya mzuri, vita, kwisha. Haina kosa. Wewe umeona muvi hiyo hiyo huku unajua deni ambalo halijalipwa, ndo maana mkaamka kwenye kochi moja na vitu viwili tofauti.

Kama anataka kuona ulichokiona wewe mtafutie tamthilia ya BBC na HBO, His Dark Materials, ilianza 2019 ikaisha 2022, sizoni tatu, kila kitabu sizoni yake. Sizoni ya kwanza episodi nane. Dafne Keen ndo Lyra, Ruth Wilson ndo Coulter, na huyo ni wa kuogopa kwa namna nyingine kabisa, Kidman ni barafu huyu ni waya wa umeme ulioachwa wazi. Sumu anatia Mkuu wa chuo, kama inavyotakiwa. Roger anakufa mwisho wa sizoni. Ina mapungufu yake, dimoni wachache mno mitaani, unaona kabisa bajeti inawabana, watu wanatembea kama hawana roho na hiyo kwenye hadithi hii ni tatizo kubwa, na episodi za mwanzo zinavuta miguu. Lee Scoresby wa Lin-Manuel Miranda mi sikumpenda, wa Sam Elliott kwenye muvi alikuwa Lee hasa. Ila mfupa upo.

Na kabla ya hapo 2003 National Theatre ya London waliifanya kwa steji, sehemu mbili, jumla kama saa sita, dimoni ni vikaragosi vinavyoshikwa na watu unaowaona kabisa. Hawakuwa na hata robo ya teknolojia ya New Line, na watu waliinunua tiketi hadi wakairudisha mwaka uliofuata. Naitaja tu ili ujue kwamba mwisho wa Roger haukuwa hauwezekani kuonyeshwa mbele za watu walioleta watoto wao.

Binti. Miaka kumi na moja ni umri wa Lyra mwenyewe karibu, mwache aone muvi ya 2007 hata leo, haina cha kumuumiza, ndo lalamiko langu lote hilo. Ila kama anasoma Kiingereza vizuri mi ningempa kitabu kwanza na muvi baadaye, kwa sababu akiona muvi kwanza atasoma kitabu akisubiri kile chombo cha angani na matumaini, halafu sura za mwisho zimpige akiwa peke yake usiku. Ukiona amebakiza zile sura tatu uwe karibu. Tamthilia subiri kidogo, kuna sehemu za Bolvangar mle ni nzito, zitazame wewe na shemeji kwanza kisha muamue.

Ukifika kitabu cha tatu niandikie, huko kuna hoja nyingine kabisa kuhusu sizoni ya tatu na mimi na mke wangu hatujakubaliana hadi leo.